Kiwanda kimefungwa, mzigo bado uko stoo

Jina la kliniki iliyomhasi mbwa wangu silitaji, kwa sababu nikilitaja nitaendelea na maneno ambayo mke wangu atanilazimisha kuyafuta. Iko hapa hapa Dar es Salaam. Daktari wake ana mkono mzuri na mdomo mbaya, na leo nimekuja kwa ajili ya mdomo.

Mbwa wangu anaitwa Hayawahusu. Jina alimpa marehemu mama, na lilikuwa la majirani, si la mbwa. Akimwita jioni kwa sauti, waliokusudiwa wanasikia. Ni mbwa wa kienyeji, rangi ya udongo, mguu mmoja wa mbele una soksi nyeupe. Hiyo soksi tutairudia.

Ulinzi anaujua. Shida yake ilikuwa majike. Jike likipata joto popote hapa Goba, yeye alikuwa na taarifa kabla ya mwenye jike. Tuliongeza ukuta tofali mbili, akaruka. Tukamfunga mnyororo, akalia mpaka saa nane za usiku nikamfungua mwenyewe huku natukana. Alikuwa anapotea siku mbili tatu, kisha anarudi sikio limechanika, mbavu zinahesabika, anamaliza maji ya ndoo na kulala kama mtu aliyetoka kukesha msibani. Akiwa nyumbani anakojolea kila kilichosimama: tairi, nguzo ya umeme, gunia la mkaa, na siku moja mgongo wa fundi bomba aliyekuwa amechuchumaa kwenye mita.

Kisha Mama Doreen wa nyumba ya tatu akaja na boksi la mafuta ya kula, ndani watoto watano wa mbwa. "Baba Amani, nimekuletea wajukuu zako." Hakucheka. Nikatoa hela ya maziwa, nikasema nitamhasi.

Nikachelewa miezi kadhaa, nakiri. Wanaume wa kijiweni wana maneno. Mmoja aliniuliza kama namwonea mbwa wivu. Mzee mwingine akasema atakuwa maksai, atanenepa, mwizi atamruka kama gogo. Siku nampeleka, nilikaa kwenye Bajaji nimebana miguu njia nzima. Wanaume watanielewa.

Sasa sikilizeni. Nilimwuliza daktari swali moja la wazi: "Nikimhasi atabadilika nini?" Hakuinua macho kwenye simu yake. "Atatulia." Nikauliza, atatulia vipi? "Atatulia tu, mzee wangu. Lipia pale kwa dada."

Neno moja. Fundi wa friji ananieleza kwa dakika ishirini gesi imevujia wapi, huyu anamkata mnyama wangu kwa neno moja.

Upasuaji wenyewe, sina la kusema. Walisisitiza asile tangu usiku, wakampima uzito kabla ya dawa ya usingizi, jioni nikamchukua anayumba lakini mzima. Jeraha dogo, limeshonwa vizuri, mbele kidogo ya mfuko, na mfuko wenyewe wameuacha, mtupu, umevimba kidogo. Akavishwa kola kubwa ya plastiki asilambe nyuzi. Nikaambiwa nyuzi zitatolewa baada ya siku kumi hivi. Hakuna aliyeniambia nimfungie. Hakuna!

Haikupita wiki, akatoroka. Na kola yake shingoni, kama dishi la king'amuzi linalotembea. Mtaa mzima ulimwona, na alikutwa kwa Mama Doreen, kwenye shughuli ile ile. Nilicheka. Nilimwambia mama wa watu, "Mwache, huyo anajikumbusha tu, hana kitu." Maneno yangu mwenyewe hayo.

Miezi miwili baadaye jike limezaa. Watoto wanne, wawili wana soksi nyeupe.

Mama Doreen hakuja na boksi safari hii, alikuja na mjumbe. Nikasimama uwanjani kwangu nikitetea heshima ya mbwa ambaye sina uhakika alikuwa nayo. Nikasema haiwezekani, amehasiwa, risiti ninayo. Mjumbe akainama nyuma ya Hayawahusu, akatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akasema, "Mbona mfuko huu hapa?" Nikaeleza kwamba mfuko ni ngozi tu, vya ndani ndivyo vimetolewa. Watoto wa mtaa walikuwa wamekaa juu ya ukuta. Mke wangu aliingia ndani na kufunga mlango.

Nikampigia daktari pale pale, nikaweka spika ili wote wasikie nikitakaswa. Akacheka. Akasema, "Aah, hiyo inatokea, mzee. Kiwanda tumefunga, lakini mzigo ulikuwa bado uko stoo." Mjumbe alikaa chini kwa kicheko. Mpaka leo nikipita dukani kuna mtu ananiuliza hali ya stoo.

Mpwa wangu anasoma udaktari wa mifugo SUA, Morogoro. Nikampelekea ujumbe wa sauti wa hasira, akanirudishia wa utulivu. Anasema ni kweli: korodani zikitoka, mbegu zilizokwisha kupita kwenye mirija zinabaki, ndiyo maana dume anatakiwa akae mbali na majike kama wiki nne hadi sita. Homoni ya kiume inashuka haraka, ndani ya siku chache, lakini tabia haishuki nayo, kwa sababu mbwa aliyefanya kitu miaka minne amekizoea. Nikamwuliza na ukali, maana bodaboda wa mtaani wameanza kunilalamikia upya. Akaniambia kuna utafiti wa California wa mwaka 1997, mbwa 57 waliohasiwa wakiwa wakubwa. Kuzurura, kupandapanda na kukojolea vitu kulipungua kwa nusu au zaidi kwa angalau asilimia 60 ya waliokuwa na tabia hizo. Ukali kwa watu wasiowajua haukubadilika kwa kiasi cha kuhesabika. "Anko, ukali mwingine ni woga," akasema, "na woga haukai kwenye korodani." Tena mbwa mwoga akihasiwa, ukali unaweza hata kuzidi.

Mwanafunzi huyo, kwa dakika nne, kwenye WhatsApp, bure.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua kuandika kwamba msihasi, mnaibiwa. Nilikuwa na sentensi kabisa. Shida ni kwamba mbwa ananiharibia ushahidi. Ilipofika kama mwezi wa tatu hivi, nikagundua sijamtafuta usiku hata mara moja. Mikojo imepungua, gunia la mkaa limepona, tairi bado anaikumbuka, labda kwa mapenzi. Majeraha hana. Amenenepa, hapo yule mzee wa kijiweni alipatia, ingawa mke wangu anasema ni ugali wangu wa pembeni, na mpwa naye alisema aliyehasiwa apunguziwe chakula. Kulala kama gogo, hapana. Juzi mwizi wa ndoo alipima ukuta wetu akaghairi.

Juzi hiyo hiyo kundi la madume lilipita nyuma ya ukuta likimfuata jike, kelele, vumbi, vita. Hayawahusu akainua kichwa, akanusa, masikio yakasimama. Akakilaza kichwa tena. Nilifurahi, halafu nikahisi kitu kingine ambacho sitakieleza hapa. Dakika chache baadaye bodaboda wa gesi akapiga honi getini, mnyama akaondoka kama risasi.

Ningerudi kliniki ile? Hapana. Yaani, kwa mkono wake ningerudi. Kwa mdomo wake, anitumie mtu mwingine wa kuongea. Hela yangu siidai. Nadai ile dakika moja ya kuambiwa mfungie mbwa wako wiki sita.

Mama Doreen alibakiza dume mmoja mwenye soksi, na sasa ameanza kuinua mguu. Jana amekuja kuniomba namba ya daktari. Nimempa. Nikamwambia akishamhasi amfungie wiki sita, asidanganyike na kola. Akanitazama vizuri.

"Daktari ndiye alikwambia?"