Ncha za mabawa za RV-7: umbo safi, ukingo wa nyuma unyooshe mwenyewe

Seti ya mabawa ya RV-7, ndege ndogo ya kujijengea kutoka Van's Aircraft ya Aurora, Oregon, Marekani, huja na ncha mbili za faibaglasi, ya kushoto na ya kulia. Mjenzi aliyezoea mabati ya ndege hii, ambayo matundu yake yametobolewa kiwandani na yanakutana yenyewe, atashangaa kidogo akizishika: hazina tundu hata moja. Umbo ni zuri, uzito ni mdogo, na jelikoti ya nje (tabaka gumu la uso) haihitaji kazi kubwa zaidi ya kuziba vitundu vidogo kabla ya rangi. Tatizo ni ukingo wa nyuma. Mara nyingi haukai mstari mmoja na eleroni, kile kipande cha nyuma ya bawa kinachopanda na kushuka ili kuilaza ndege upande. Unapanda au unashuka milimita kadhaa, na kasoro hiyo mtu huiona akiwa mbali kabla hata hajaikaribia ndege.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kutotoboa chochote kabla eleroni haijafungwa katikati. Wengi huikadiria kwa macho, wakamaliza kazi, kisha wakagundua kwamba ncha imenyooshwa kufuata eleroni iliyokuwa imeinama. Katikati halisi hupatikana kwenye ubavu wa mwisho wa bawa. Nyosha uzi au rula ndefu kupitia matundu mawili ya vipimo ya ubavu huo, uendelee nao hadi nyuma: ukingo wa nyuma wa eleroni unatakiwa uwe juu ya mstari huo huo. Ifunge hapo kwa klampu na vipande viwili vya angle ya alumini, kimoja juu na kimoja chini, viache vitokeze nje kama sentimita 40. Vipande hivyo ndivyo vitakavyokuja kuishika ncha. Flapu, kipande kingine cha nyuma kilicho karibu na mwili wa ndege, nayo ifungwe juu kabisa, maana mstari wa nyuma unasomwa kuanzia flapu, ukipita eleroni, hadi ncha.

Sasa ingiza ncha. Ukingo wake wenye ngazi unaingia chini ya bati la bawa, na mara ya kwanza hautaingia wote. Sehemu ya mbele, penye mviringo, ndiyo hubana zaidi. Punguza kwa msasa namba 80 kidogo kidogo na uijaribu tena na tena, kwa sababu ukipunguza sana hapo, bati litabonyea ndani ukikaza skrubu. Kati ya bati na ngazi acha nafasi ya nusu milimita hadi milimita moja, rangi inakula nafasi. Kati ya ncha na mwisho wa eleroni acha kama milimita 6, na usiipunguze kwa ajili ya urembo: eleroni inayogusa ncha ni hatari angani.

Matundu yaanze mbele, yarudi nyuma, moja juu na moja chini kwa zamu, kwa biti ya milimita 2.5 ukifuata yale yaliyomo kwenye bati. Kila tundu lipate kleko (pini ya muda ya kushikilia) papo hapo. Ukianzia nyuma, ziada yote ya faibaglasi itasukumwa mbele, puani, na kutengeneza uvimbe usiotoka. Matundu manne au matano ya mwisho, juu na chini, yaache kwanza.

Hapo ndipo ukingo wa nyuma unaposhughulikiwa. Kama ncha imekubali kukaa kati ya zile angle za alumini bila kulazimishwa, umebahatika. Kama haijakubali, usiivute kwa klampu ukidhani skrubu zitaishika. Faibaglasi ina kumbukumbu, na baada ya kiangazi kimoja kwenye jua itarudi ilikotoka. Pasua ukingo wenyewe. Tumia bledi ya msumeno wa chuma, uanze kwenye kona iliyo jirani na eleroni, upasue kuelekea nje sentimita 30 hivi, mpaka ganda la juu na la chini yateleze kila moja kivyake. Kwaruza ndani kwa msasa, funika angle kwa mkanda wa plastiki ili epoksi isizishike, kisha paka mchanganyiko wa epoksi na nyuzi za pamba uliokorogwa mzito, usiotiririka. Bana, pima tena kwa uzi, acha hadi kesho yake.

Epoksi ya West System 105 yenye hadena (kigandishaji) 205 huchanganywa 5 kwa 1 kwa ujazo, na kikombe kinaganda ndani ya dakika 9 hadi 12 kwenye nyuzi joto 22. Kwenye joto la Dar au Mombasa muda huo haupo. Chukua hadena 206, ambayo ni ya polepole, na ukoroge kiasi kidogo. Epoksi inashika vizuri juu ya poliesta iliyokwaruzwa, lakini poliesta juu ya epoksi iliyokwisha kukauka haishiki vizuri, kwa hiyo marekebisho ya baadaye yawe ya epoksi pia.

Ule ubavu mdogo wa bati unaoziba uwazi unaotazamana na mwisho wa eleroni uwekwe ncha ikiwa bado imebanwa mahali pake. Ukiufunga mezani, utaufungia na upindo.

Kuhusu kufunga, kuna njia mbili. Bawaba ndefu yenye pini huacha uso safi usio na vichwa vya skrubu, lakini pini haipendi kuzunguka pua ya bawa, na siku taa iliyomo kwenye ncha ikizima uwanja wa mbali utaijutia. Skrubu namba 6 zenye nati za bamba (nati zinazofungwa kabisa upande wa ndani) ndiyo njia bora. Panua matundu hadi milimita 3.7, bati lipigwe dimpo (kibonyeo cha kuzamisha kichwa cha skrubu), faibaglasi ichimbwe kwa biti ya pembe ya nyuzi 100. Jaribu kina kwanza kwenye kipande cha bati chenye dimpo. Ukingo wa ncha ni mwembamba, na ukizidisha, tundu linapanuka na nati inakosa pa kukaa. Nati zifungwe kwa ribiti laini za AN426A zikibanwa kwa koleo ya kubania, si kwa nyundo ya hewa inayopasua faibaglasi.

Faibaglasi haipitishi umeme, hivyo taa inahitaji waya wake wa kurudi pamoja na soketi na ziada ya sentimita 30, ili ncha itoke bila kukata kitu. Kwa upande mwingine inapitisha mawimbi ya redio, na wengi huficha antena ya VOR, redio ya kuongozea safari, humo ndani. Antena hiyo inataka mguso wa chuma kwa chuma na bati la bawa, bila rangi katikati, na ncha isipakwe rangi yenye chembe za chuma.

Kwa bei ya seti nzima ncha hizi zinafaa, na hakuna sababu ya kutafuta za mtengenezaji mwingine kwa ajili ya ukingo wa nyuma tu. Anayetaka kufunga na kuondoka wikiendi moja, ajue mapema kwamba kukauka kwa epoksi peke yake kunakula siku mbili au tatu kwa kila upande.