Miezi kumi na minne na jarida huria la sanaa: uzoefu wangu

Zamani sera za uhariri nilizichukulia kama masharti ya kusajili laini ya simu: unashuka mpaka chini, unabofya "nakubali", unaendelea na mambo yako. Sasa hivi aya ya leseni ya jarida hili naijua kwa ghibu. Nilituma kazi Machi 2023, ikatoka Mei 2024, na karibu kila kilichonichelewesha au kuniokoa kilikuwa kimeandikwa kwenye ukurasa ule ule nilioupitia juujuu siku ya kwanza.

Jina la jarida silitaji kwa sababu nitalisifu na kulilalamikia kwa mdomo mmoja. Itoshe kusema kwamba liko Ulaya, hutoka mara mbili kwa mwaka, na hupokea kazi ya sanaa yenyewe (sauti, video, picha) ikiambatana na maelezo ya mwandishi. Ni huria, yaani halimtozi msomaji, na mwandishi pia halimtozi. Mtindo huu wa kutotoza pande zote mbili ndio wenyewe wanaouita almasi, na kwa sisi ambao hatuna mradi wa kutulipia, hauna mfano. Mwaka huohuo jarida jingine lilikuwa limeniandikia barua pepe likinisifia "utafiti wako wa kipekee", likaomba dola 350 na kuahidi kunichapisha ndani ya siku saba. Siku saba! Hata fundi cherehani wa sikukuu hakuahidi hivyo.

Kwa hiyo kabla ya kutuma nilijipa kazi ya kulichunguza. Nililitafuta kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanzishwa 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund, Sweden. Kuwemo humo si hati ya utakatifu, lakini ili jarida liingizwe lazima liweke hadharani namna linavyohakiki makala, linatoza nini na linatumia leseni gani. La dola 350 halikuwemo. Hili lilikuwemo. Nikatuma.

Kazi yenyewe ni rekodi nne za bibi mmoja wa Pangani, mwimbaji wa ngoma tangu usichana wake, akiimba nyimbo alizotunga mwenyewe, pamoja na maelezo yangu ya maneno kama elfu nne kuhusu namna anavyogeuza beti kulingana na nani amekaa mbele yake. Akiwepo bwana harusi, wimbo una maneno haya. Akiondoka bwana harusi, wimbo una maneno mengine kabisa, na hayo sikuyaweka yote.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa uhakiki. Sera inasema kila kazi inasomwa na wahakiki wawili, na pande zote zinafichwa: mimi siwajui, wao hawanijui. Kwa makala ya maandishi hilo ni jambo rahisi, unafuta jina lako na safari imekwisha. Kwa rekodi ya sauti ni kichekesho. Mimi mwenyewe nimo mle ndani, nasikika nikisema, "Bibi, tuanze upya, jogoo ameingilia." Na kwenye rekodi ya tatu, katikati ya ubeti, bibi ananiita kwa jina langu la nyumbani, anasema huyu naye atazeeka na hicho kinasa sauti chake, halafu anacheka. Anacheka kile kicheko cha mtu aliyelia na kucheka sana maishani, mpaka kinaishia kwenye kikohozi. Ni sekunde kumi na moja. Kwangu ndizo sekunde bora kuliko zote katika kazi ile, maana hapo ndipo unasikia alivyo bingwa: anakatiza wimbo, anamtania mtu, anarudi kwenye mapigo bila kupotea.

Mhariri akaniandikia kwa adabu zote kwamba rekodi ina jina la mwandishi, niikate kwanza, na kwamba nikishakubaliwa nitarudishiwa nafasi ya kuweka rekodi nzima. Nikakata. Nilikaa na vipokea sauti masikioni saa tano usiku nikikata kicheko cha bibi wa watu kama ninayekata kucha. Ninaelewa kwa nini kanuni ile ipo, na kwenye fani ambazo jina kubwa humbeba mtu siipingi. Lakini jarida linalopokea sanaa ya utendaji lingepaswa kuwa na kifungu cha kazi ambazo mtunzi wake hawezi kufichika. Lao halina.

Wahakiki wenyewe walikuja tofauti kama mchana na usiku. Sera iliahidi majibu ndani ya wiki kumi na mbili. Yalifika baada ya miezi saba, na katikati niliandika mara tatu nikijibiwa "tunafuatilia". Wa kwanza alitaka nadharia zaidi, akaniorodheshea vitabu. Wa pili alikuwa amesikiliza. Huyo aliniandikia kwamba kwenye dakika ya nne na sekunde kumi na mbili ngoma ya pili inaingia nusu pigo mapema, akauliza kama ni kosa la mpigaji au ni bibi aliyemharakisha kwa bega. Alikuwa sahihi, ni bega. Sentensi ile moja ilinifanya niandike upya ukurasa mzima, nao ndio unaosomeka vizuri kuliko mingine yote. Popote alipo, Mungu ampe maisha marefu.

Sasa leseni, na hapa nitakaa kidogo.

Jarida linachapisha kila kitu chini ya leseni ya CC BY, ile iliyo huru zaidi kati ya leseni sita za Creative Commons, shirika linaloandika leseni za kugawa kazi hadharani, ukiacha lile tamko la kuachia haki zote. Maana yake ni kwamba mtu yeyote anaweza kuinakili kazi, kuisambaza, kuibadili, hata kuiuza, alimradi amtaje mwenyewe, aoneshe leseni na aseme alichobadili. Hakimiliki inabaki kwangu, jambo ambalo majarida mengi ya kizamani hayakukupa; walikuwa wanakusainisha haki yote. Na leseni hii ukishaitoa haifutiki. Tamko la Budapest la 2002, ambalo ndilo lililoipa harakati hii ya uhuria maneno yake, linataka msomaji asizuiwe kutumia anachosoma, na mwandishi abaki na haki ya kutajwa na ya kulinda kazi yake isiharibiwe. Kwa makala yangu sikuwa na neno. Nani ataiba maneno elfu nne kuhusu beti za Pangani akatajirika?

Ila nyimbo si zangu. Nilipanda basi mpaka Tanga, nikaunga Pangani, na fomu yao ya ridhaa ya kurasa mbili mkononi. Wao wanakubali ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa badala ya sahihi, na kwa hilo nawapa maua yao, maana wengine wangemtaka bibi asaini Kiingereza asichokijua. Nikamwamkia, tukanywa chai, nikamsomea fomu kwa Kiswahili aya kwa aya. Alisikiliza huku anachambua mchele kwenye ungo. Nilipofika kwenye neno la kuuza akainua uso.

"Kwa hiyo mtu wa mbali akiuchukua wimbo wangu akautia kwenye tangazo la sabuni, mimi naambiwa?"

"Huambiwi, Bibi. Anatakiwa ataje jina lako tu."

"Jina langu kwenye sabuni."

"Ndiyo, Bibi."

Akarudi kwenye mchele. Baada ya muda akauliza kama akighairi, au wajukuu wake wakighairi yeye akiwa kaburini, inawezekana kurudishwa. Nikamwambia haiwezekani. Akasema, "Basi baba, maneno yako wape. Sauti yangu wasikilize, wasiichukue."

Yule mama hajasoma sheria, lakini alikuwa ametenganisha vitu viwili ambavyo mimi nilikuwa nimevifunga kwenye kifurushi kimoja. Sheria yetu ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 nayo inatenganisha hivyohivyo: mtunzi ana haki zake, mtumbuizaji ana zake, aliyebonyeza kitufe cha kurekodi ana zake. Leseni ya CC inaweza kutoa kile tu ambacho mtoaji anakimiliki. Nilikuwa karibu kugawa mali ya mtu.

Nikamwandikia mhariri. Jibu la kwanza: sera yetu ni CC BY kwa kila kitu. Jibu la pili: tutashauriana. Kabla ya la tatu nikarudi kwenye ukurasa wa sera, nikausoma kama ninayetafuta sindano kwenye mchanga, na nikaikuta, mwisho kabisa, sentensi isemayo kwamba mali ya mtu wa tatu inaweza kuwekwa kwa masharti mengine ikiwa imewekewa alama wazi. Nikawanukulia sera yao wenyewe. Jibu la tatu lilikuja siku hiyohiyo: sawa. Makala ikatoka kwa CC BY, rekodi nne zikatoka kwa CC BY-NC-ND, yaani sikiliza, sambaza kama ilivyo, usifanyie biashara, na ukiibadili usiisambaze. Chini ya kila rekodi imeandikwa ni ya nani. Kama una kazi yenye sauti, uso au mikono ya mtu mwingine, anza kuitafuta hiyo sentensi kabla hujatuma. Majarida yenye busara wanayo. Tatizo ni mahali wanapoificha.

Tukavutana pia kuhusu majina. Wanatumia CRediT, ule mpangilio wa majukumu kumi na manne ya waliochangia kazi: kubuni wazo, kuchambua data, programu za kompyuta, kutafuta fedha na kadhalika. Ulitungwa kwa watu wa maabara na unaonekana. Nilikaa nikitafuta jukumu la mtu aliyetunga nyimbo, akaziimba, akapiga vigelegele, akamfundisha mpiga ngoma ya chapuo. Halipo. Wakapendekeza awekwe kwenye shukrani, pale mwisho, pamoja na ofisi ya idara na dereva. Nikakataa. Tulimalizana kwa jina lake kuandikwa juu ya rekodi zake, "mtunzi na mwimbaji", kwa herufi ukubwa uleule wa jina langu.

Akili bandia wana kifungu kifupi: haiwezi kuwa mwandishi, na ukiitumia useme. Niliitumia kunukuu maneno ya rekodi, nikasema. Nikasema pia kwamba niliifuta nukuu yote, kwa sababu pale bibi alipoimba "mashua" iliandika "masharubu", na ubeti mzima ukawa masharubu yanatia nanga.

Lugha ndiyo iliyoniudhi kuliko ucheleweshaji. Makala lazima iwe ya Kiingereza. Hilo nililijua nikiingia. Lakini mwongozo wao wa uchapaji unataka kila neno la "lugha ya kigeni" liwe la herufi za mlazo, basi nyimbo za Pangani zikarudi kwangu kwenye prufu, ile nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapishwa, zimelala zote kama wagonjwa, na tafsiri yake imesimama wima. Ugeni wa nani, na kwa nani? Nilipouliza walizinyoosha kwa makala yangu pekee. Mwongozo bado uko vilevile. Anayetaka kuandika kwa Kiswahili chenyewe na bado asomwe bure ajaribu Swahili Forum, ambayo haina shida hiyo. Na kwa kazi za sauti na picha kuna Journal for Artistic Research, linalotoka tangu 2011, ambalo halikulazimishi kuibana kazi ndani ya PDF.

Marekebisho wanayafanya vizuri sana, lazima niseme. Wiki mbili baada ya kutoka niligundua nimebadilisha maelezo ya picha mbili: ngoma ya vumi nimeiita chapuo na chapuo nimeiita vumi, kosa ambalo mtoto wa Pangani angenicheka. Niliwaandikia. Baada ya siku tisa kukawa na taarifa ya marekebisho yenye tarehe, inaeleza kilichokuwa na kilichobadilishwa. Hawakufuta kimyakimya. Hata aibu yangu wameihifadhi kwa utaratibu.

Juni nikarudi Pangani na makala kwenye simu. Hapo nikakumbana na uhuria wa aina nyingine: ukurasa ulikuwa unajaribu kufungua faili zile nzito za hifadhi, na bando la mjukuu wake likaisha kabla wimbo wa kwanza haujaanza. Kiungo cha faili nyepesi kipo, lakini kimewekwa chini kabisa. Nikaweka vocha, tukakipata, tukakaa kibarazani, simu ndani ya bakuli la bati ili sauti ikue. Majirani wakaja. Bibi alisikiliza wimbo wa kwanza na wa pili bila kusema kitu, kidole kikipiga pigo kwenye goti. Wa tatu ulipofika katikati akanyoosha mkono, akataka turudishe nyuma. Tukarudisha. Akasikiliza tena.

"Mbona hapa nilipocheka umenikata?"

Nilikuwa nimesahau. Kazi ilipokubaliwa nilitumiwa barua pepe ya kupakia rekodi kamili, nikiwa katikati ya vita vya leseni, na nikaruka. Kosa langu, si lao, ingawa mhariri makini angeuliza.

Sera inasema faili iliyokwisha kuchapishwa haibadilishwi; linaongezwa toleo la pili, la kwanza linabaki. Ombi la toleo la pili nililituma Jumatatu iliyofuata. Wamejibu kwamba wamelipokea na wanalifanyia kazi.