Uzoefu wangu na OpenBSD kwenye laptopu ya ex-UK

Laptopu niliitoa Luthuli Avenue, Nairobi, kadi yake ya WiFi ni Intel 8265. OpenBSD, mfumo endeshi wa bure wa familia ya Unix, niliisakinisha kwa flashi, ile faili kubwa iliyobeba mfumo mzima, kwa hiyo sikuhitaji intaneti. Nilipoiwasha, WiFi hakuna. Ruta ya ploti yetu iko chini kwa keateka, na mashine yenyewe ni ile nyembamba isiyo na tundu la kebo.

Nikampelekea fundi. Akaibonyezabonyeza, akasema, "Hii kadi imeenda, boss. Nikuwekee ingine na 1,800?" Kidogo nilipe.

Usiku nikaandika dmesg | grep iwm, yaani nionyeshe kwenye ripoti ya mashine ilipowaka mistari yenye iwm, draiva ya kadi za WiFi za Intel kama yangu. Ukatoka mstari mmoja:

iwm0: could not read firmware iwm-8265-34 (error 2)

Hapo ndipo nilipoupenda mfumo huu. Kadi imeonekana, imepata draiva, imepewa na jina, iwm0. Ingekuwa imekufa kabisa, huenda nisingeiona. Halafu error 2 kwenye Unix maana yake ni faili haipo, basi. Nikafungua man iwm, maelezo ya draiva hiyo, ambayo imo ndani ya mashine na haili bando: kwa sababu za leseni, famuwea ya kadi hizi (programu ndogo inayoendesha kadi yenyewe) haiji na mfumo, inaletwa na amri ya fw_update. Nayo fw_update inataka intaneti! Ni kama kufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Simu ndiyo iliyoniokoa. Nikaichomeka kwa waya wa chaji, nikawasha kushea intaneti kwa USB, ikajitokeza kama kadi ya mtandao, urndis0, bila kusakinisha chochote; nikaiombea anwani ya mtandao, kisha nikaleta famuwea:

ifconfig urndis0 inet autoconf
fw_update

Bando la bob hamsini, na likabaki. Sikuzima mashine, famuwea husomwa kadi inapowashwa. Nikaandika jina la WiFi na nywila ndani ya /etc/hostname.iwm0, nikaita sh /etc/netstart iwm0 ili kadi iwake na kuunganika. Ikagoma, lakini kosa langu: jina la WiFi yetu lina nafasi katikati na sikulifunga kwa alama za nukuu.

Ubaya upo. Bluetooth hakuna, waliitoa tangu 2014, kwa hiyo iafoni zangu zisizo na waya ziko kwenye droo. Na asiyependa kusoma maelezo hii itamchosha siku ya kwanza.

Jumamosi nilipita kwa yule fundi nikamwonyesha ule mstari. Akaupiga picha.