TAHADHARI: Nimeuziwa gaidi na gaidi, hapa hapa Tabora

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Wenye trekta za zamani, yule jamaa wa mjini anayeuza hedi (vichwa vya injini) "zilizofanyiwa ovahoo" msimsogelee. Laki sita na nusu yangu imekwenda, na mvua ndiyo hizi zinanyemelea, shamba la tumbaku halijaguswa.

Ile trekta yangu, Massey 265, mnaijua, na moshi wake wa bluu wa asubuhi mnaujua. Fundi wangu alishasema gaidi za valvu, vile vibomba vinavyoongoza valvu ndani ya hedi, zimelika, oili inapita inaungua. Shemeji akasema ya nini kuhangaika kubadili gaidi nane, kuna mtu mjini ana hedi tayari ya injini yake, Perkins 4.236, unafunga unaondoka. Nikapanda basi la alfajiri kutoka Urambo.

Sasa sikilizeni alivyonipata. Hedi iko mezani, imepigwa rangi ya fedha, inang'aa kama sufuria ya harusi. Akanisalimia "mwangaluka baba", akanifutia kiti. Mfuko wa ovaroli umechomekwa venia kalipa, kile chombo cha kupimia. Nikasema moyoni, huyu ni mtu wa vipimo, si wa kubahatisha. Hedi kailaza chali, springi bado hazijafungwa. Akainyanyua valvu kidogo, akaniambia, "Baba, tikisa mwenyewe." Nikatikisa. Haichezi hata chembe. "Na hii tikisa." Nikatikisa. Akachukua kikombe cha mafuta ya taa, akamimina juu ya kila valvu, tukainama wote wawili kuchungulia matundu. Dakika kumi, hakuna hata tone. Akaagiza chai, akafunga springi huku ananiuliza habari za mavuno. Jamani, mimi ndiye niliyesema "inatosha, nimeamini". Wala hakuniomba nimwamini! Hapo ndipo panaponiuma.

Na msiniambie nilikuwa mjinga. Mtu kakupa valvu mkononi utikise mwenyewe, ungefanya nini?

Tumefunga, ikawaka, watoto wakapiga makofi. Haikumaliza dakika tano, juu ikaanza tak-tak-tak, nguvu ikaisha. Kufungua kava, push rodi mbili, zile fito za chuma zinazosukuma valvu, zimepinda. Gaidi mbili zilikuwa zimeachwa juu kuliko wenzake. Springi ikibonyea, kofia yake inagonga kichwa cha gaidi, valvu haina pa kwenda. Tukang'oa valvu. Grisi. Grisi nzito, imesindiliwa ndani ya gaidi na kuzungushwa kwenye sit, pale valvu inapokaa ikijifunga. Hiyo ndiyo iliyozuia valvu isicheze, hiyo ndiyo iliyozuia mafuta ya taa yasipite. Fundi akaifuta kwa petroli, akanipa nitikise tena: valvu inacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Gaidi ni zile zile za zamani, zimegongwa kwa nyundo, moja ina ufa.

Simu yake haipatikani. RB nimechukua polisi. Mtu kama huyu asiambiwe arudishe hela tu, hapana, afungwe! Gereza la Uyui pale si mbali. Wampe jembe la mkono alime eka zangu nne jua la saa saba likimchoma, ndipo ajue mtu anategemea nini kwenye trekta. Na shemeji naye ana lake, tutaongea nyumbani.

Mnauliza dalili. Rangi, kwanza, hedi nzuri inahitaji rangi ya nini? Mwambie afute valvu na gaidi kwa petroli mbele yako, ndipo utikise. Kila gaidi ipimwe imesimama kiasi gani kutoka kikalio cha springi, ilinganishwe na kitabu cha injini hiyo, si kwa jicho. Muulize pia sit alikata wapi, maana gaidi mpya ikishaingia sit lazima ikatwe upya, kikatio kinafuata tundu la gaidi. Mimi sikuuliza. Na ile venia, nakumbuka sasa, hakuitoa mfukoni hata mara moja.

Hedi iko uani, kuku wameshaizoea. Hedi yangu ya mwanzo naipeleka kwa mtu mwenye presi ya kusukumia gaidi. Mwenye push rodi mbili za 4.236 aseme bei leo, kesho nitakuwa nimeshachelewa.