BMW E46 325i nikiwa Tabora: uzoefu wangu na rejeta, bushi na springi

Watu wa Tabora wakiona BMW hawaulizi inakimbia kiasi gani. Wanauliza spea unatoa wapi, na wana haki. Hapa mjini bushi ya Toyota IST ukiitafuta asubuhi, saa sita mchana umeshafungiwa, na fundi yeyote wa chini ya mwembe anaifunga huku anaongea na simu. Mimi naendesha BMW 325i ya 2003, ile bodi inayoitwa E46, otomatiki, iliyotoka Japani ikapita kwa mtu wa Dar kabla ya kufika kwangu. Nimeitumia kiangazi na masika, kwenye lami ya Nzega na kwenye njia za vumbi za vijijini Sikonge. Nimeshafungua vitu vya kutosha kusema kipi kilistahili hela na kipi ni mbwembwe.

Nianze na sifa, maana lawama zipo nyingi. Injini yake inaitwa M54: silinda sita mstari mmoja, cc 2,494, nguvu ya farasi 192, haina turbo. Ukiikanyaga haikurushi. Inavuta taratibu, halafu inazidi kuvuta, na mshale ukipita 3,500 sauti inabadilika kabisa, inakuwa nyembamba na safi. Betri iko kwenye buti, matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na uzito umegawanywa karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma. Usukani ni ule wa haidroliki, kwa hiyo lami mbovu unaijua kwa viganja kabla ya masikio. Kutoka Tabora hadi Nzega hakuna kona za kujivunia, kuna vijiji, matuta, kibao cha 50 na askari mwenye tochi aliyejibanza nyuma ya mti. Bado nikimaliza safari hiyo nashuka sijachoka, na hilo gari nililokuwa nalo mwanzo halikuwahi kunipa.

Sasa rejeta. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu E46 nyingi unazoziona zimewekwa juu ya mawe zimefikia pale kwa njia hii moja.

Tangi la akiba la kulanti, yaani maji ya kupozea injini, ni plastiki. Shingo za mipira ya rejeta ni plastiki. Nyumba ya themostati ni plastiki, na kwenye baadhi ya wota pampu hata panga la ndani linalosukuma maji ni plastiki. Mfuniko wa tangi umeandikwa 200, maana yake mfumo unabana presha hadi baa 2 ndipo uachie. Chukua plastiki ya miaka ishirini, iweke kwenye presha hiyo, kisha uiendeshe Oktoba ya Tabora kabla mvua haijaanza. Tangi linapasuka ubavuni na kulanti yote iko chini ndani ya dakika chache. Bloku na silinda hedi vyote ni aluminiamu. Ukilazimisha kufika gereji huku linachemsha, nyuzi za boliti za hedi zinang'oka ndani ya bloku, na hapo matengenezo yanaweza kupita bei uliyonunulia gari.

Langu nilipofungua boneti mara ya kwanza nikiwa na tochi, nilikuta mstari mweupe wa kulanti iliyokauka kwenye mshono wa tangi. Halikuwa limeanza kudondosha. Sikubadilisha tangi peke yake. Niliagiza tangi, mfuniko, pampu, themostati, mipira yote miwili na mkanda, vikafungwa siku moja. Tangi peke yake bei yake haifiki ya kujaza petroli fulu tanki, lita 63. Watu wanaonunua rimu za inchi 18 kabla ya kubadilisha tangi hili huwa siwaelewi.

Mafundi wetu wengi wana dawa moja ya gari linalochemsha: ng'oa themostati, tupa. Mzee anayenishikia gari, mstaafu wa karakana ya reli, naye alianzia hapo hapo.

"Mwanangu, hiki kidude ndicho kinachokuletea joto. Tukitoe tu."

"Mzee wangu, hicho kinaongozwa na kompyuta. Tukikitoa injini itakaa baridi muda wote, kompyuta itadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, itakuwa inamwaga petroli."

Alikigeuza mkononi, akaona soketi ya waya. "Kumbe kina umeme? Basi hiki si cha kutupa." Akaanza kuuliza kinafungukia nyuzi ngapi. Nikamwambia 97 kama kompyuta haijaingilia kati. Fundi anayeuliza swali hilo mwachie gari, hata kama BMW hajawahi kuishika.

Kutoa hewa ndiko wengi wanakoharibu. Injini ikiwa imezimwa na baridi, unaweka funguo nafasi ya pili bila kuwasha, hita unaipandisha mwisho wa joto, feni ya ndani unaiweka ya chini kabisa. Pembeni ya mfuniko wa tangi kuna skrubu ndogo ya plastiki. Unailegeza, unamimina kulanti polepole, na skrubu inaanza kutema mapovu. Mimina, subiri, mimina. Mapovu yakikatika na kulanti ikatoka mfululizo, unafunga kwa mkono mwepesi, maana ukiikaza kwa hasira inakatikia humo humo. Maji ya bomba hapana. Siku hizi Tabora tunakunywa maji ya Ziwa Victoria na tunashukuru, lakini ndani ya injini ya aluminiamu chumvi zake hazina kazi nzuri. Nanunua maji ya betri, yale yaliyosafishwa, siyo asidi, nachanganya nusu kwa nusu na kulanti ya bluu.

Na usiuamini mshale wa joto. Umetengenezwa kukutuliza: unakaa katikati kuanzia nyuzi 75 hivi hadi kupita 110, ukianza kupanda ujue mambo yameshaharibika. Joto la kweli limefichwa kwenye dashibodi. Shika kitufe cha kufutia kilomita za safari huku unawasha funguo, menyu ya vipimo itatokea. Jumlisha tarakimu tano za mwisho za namba ya chesisi. Ukiwa kipimo namba 19, jumla hiyo ndiyo inayofungua kufuli. Kisha nenda namba 7, utaona nyuzi zenyewe. Langu likiwa na afya linasoma tisini na kitu. Safari ndefu naliacha kwenye namba hiyo.

Kuhusu spea: hapa mjini za E46 hazipo, ukiacha oili, plagi na balbu. Nyingi natoa Kariakoo, zinakuja kwa basi, nazipokea stendi. Zingine naagiza nje na kusubiri. Jambo lililoniokolea hela nyingi ni kuacha kabisa kutaja spea kwa jina. Chukua herufi na tarakimu saba za mwisho za namba ya chesisi, tafuta kwenye katalogi namba ya spea yenye tarakimu 11, kisha mtumie muuzaji hiyo namba. Nilimwambia muuzaji mmoja nataka pampu yenye panga la chuma, akaitikia vizuri kabisa, kwenye boksi ikaja ya plastiki. Kuirudisha kulikuwa mabishano na nauli juu yangu. Tangu hapo nadai picha ya kitu chenyewe, siyo ya boksi, kabla sijatuma hela.

Kitu kingine kinachowachanganya watu: unaweza kupokea amu, ule mkono wa chuma unaoshikilia tairi, ya kampuni ya Lemförder na kukuta sehemu moja imesuguliwa kwa mashine, alama imefutwa. Wenzangu huona ni feki. Mara nyingi ni kinyume chake. Kiwanda kile kile kinachotengenezea BMW kinafuta nembo ya BMW ili kiuze kwa jina lake, kwa bei ya chini. Feki huwa ina boksi zuri na chuma kisicho na namba yoyote.

Giaboksi. Utaambiwa oili yake ni ya maisha. Maisha ya nani, hawasemi. Mafundi hutafuta stiki ya kupimia chini ya boneti, haipo. Kipimo ni tundu la boliti ubavuni mwa giaboksi: gari likiwa limenyanyuliwa sawasawa pande zote nne, injini inawaka, oili iwe kati ya nyuzi 30 na 50, unajaza mpaka ianze kumwagika kidogo, unafunga. Kwa hali ya hewa yetu kazi hii ni ya saa kumi na mbili asubuhi. Ukianza saa tano oili imeshapita joto hilo kabla hujapata spana. Baada ya kubadilisha oili na filta, ule mshtuko wa kutoka gia ya pili kwenda ya tatu ulipungua sana. Haukuisha.

Modifikesheni sasa, maana ndizo mnazozisubiri. Vijana wa Isevya wananiuliza kila siku lini nitalishusha gari na kulipigia mlio. Nimefanya kinyume. Lilikuja na rimu za inchi 18 zenye tairi nyembamba na springi za kushusha. Nikarudisha inchi 16, tairi 205/55, springi za kawaida, na kwa nyuma nikaweka raba za springi nene kuliko zilizokuwepo. BMW wenyewe waliwahi kuuza E46 zilizonyanyuliwa kwa ajili ya barabara mbovu, kwa hiyo sijamtukana mtu. Shokapu ni Bilstein B4. Wapo walionishauri B6 ambazo ni ngumu zaidi; kwenye lami nyororo wana hoja, kwenye makorongo ya mtaani Ipuli baada ya mvua mgongo wangu una hoja nyingine.

Bushi kubwa za nyuma za amu za mbele ndizo zinazokufa haraka kuliko zote. Dalili yake ni usukani kutetemeka ukishika breki ukiwa kwenye 80 au 90, na wengi wanakimbilia kubadilisha diski bure. Nimeweka za Meyle HD, mpira mtupu usio na kimiminika ndani. Zile za plastiki ngumu ya rangi sikuzitaka: vumbi likiingia zinalia, na gari zima linasikika kama kitanda cha chuma.

Breki za 330i zina diski ya milimita 325 na zinaingia, ila zinadai rimu za inchi 17, na mimi inchi 16 siziachi. Nimebaki na diski za gari lenyewe na padi nzuri. Zinatosha.

Fedha iliyolipa zaidi kwenye injini haionekani wala haisikiki. Sili za VANOS, ule mtambo unaochezesha kemushafti, zilikuwa zimekauka. Kuweka mpya kumerudisha nguvu ya chini, ile ya kuondokea kwenye mataa na matuta. Pia klapeti ya DISA pembeni ya manifodi, inayobadilisha njia ya hewa inayoingia kwenye injini: ya plastiki ikichakaa inagonga, na pini yake ikichomoka inaweza kumezwa na injini. Niliifungua nikakuta imeshalegea. Ipo ya kukarabatia yenye klapeti ya aluminiamu, nikaweka hiyo. Ukinunua E46 ya silinda sita, fungua hiyo klapeti wiki ya kwanza.

Kero ndogo zipo. Redio ya Japani inaishia megahezi 90, hivyo stesheni nyingi za hapa huzipati bila kifaa cha kuongeza masafa. Ramani ya kwenye skrini ni ya Kijapani na inaonyesha Japani. Mashine ya dirisha la nyuma kushoto ilikatika siku ya mvua, na hiyo ni desturi ya E46 kila mahali. Filta ya hewa ya ndani, iliyo chini ya boneti karibu na kioo, kiangazi naitoa ikiwa nyekundu. Inakula oili kidogo kati ya sevisi na sevisi, kwa hiyo lita moja haikosi kwenye buti. Petroli: mjini kilomita saba hivi kwa lita, safari ndefu kama kumi na moja.

Ningemshauri nani? Mwenye gari lingine nyumbani, au anayeweza kukaa wiki bila gari akisubiri boksi kutoka Dar. Kama hilo hilo ndilo la kupeleka watoto shule na mama hospitali, chukua Toyota na ulale. Ukiwa unakwenda kukagua E46 ya kununua, inua zulia la buti na uchungulie chini inapofungwa fremu ya eksili ya nyuma kwenye bodi. Bati likiwa na nyufa pale, mrudishie mwenyewe funguo. Pima na kwa kompyuta. Kebo na programu ninavyo. Kwa aliyeko Tabora, Nzega, Urambo au Sikonge napima bure, ila soda ni yako na napima asubuhi, gari likiwa halijawashwa tangu usiku.