Mipira niliyoichagua kwa simuleta yangu ya gofu, Lang'ata

Watu wakiingia gereji kwangu wakaona skrini, projekta na mkeka, huuliza kwanza bei ya kifaa cha kupima mpigo, kisha urefu wa dari. Mpira hawauulizi. Ilhali mpira ndio unaokutana na kila kitu humo ndani: uso wa fimbo, mkeka, mawimbi ya rada, na kile kitambaa cha skrini ambacho kukibadilisha si mchezo mfukoni. Nimepiga mipira ya aina nyingi tangu nifunge simuleta hii na sasa nina msimamo. Kwa mazoezi ya kila siku, chukua mpira wa vipande viwili wenye ganda la plastiki ngumu (ionoma), uutenge uwe wa ndani tu hadi utakapoustaafisha. Kama kifaa chako ni cha rada, ongeza mipira michache ya Titleist RCT, iliyotengenezwa isomeke na rada, kwa siku ambazo unataka kuamini namba za spini, yaani mzunguko wa mpira. Basi.

Hali yangu ni hii, ili ujue kama maneno yangu yanakuhusu. Natoka kazini jioni, nikifika Lang'ata jua limekwisha, maana Nairobi giza huingia karibu saa moja mwaka mzima. Masika yakianza, kuanzia Machi hadi Mei, hata Jumamosi si ya kutegemea. Gereji yangu inaniachia kama mita tatu kutoka mahali pa mpira hadi kwenye skrini, na kifaa changu ni cha rada, kinakaa nyuma yangu kikitazama mgongo wa mpira unavyoondoka. Hendikapu yangu, yaani kipimo cha uwezo wa mchezaji, ni ya kawaida. Nafanya mazoezi kwa sababu naupenda mchezo huu na nataka kuucheza vizuri zaidi.

Nianze na mipira ya bei ya juu, ile yenye ganda la urethani, plastiki laini. Titleist Pro V1, iliyoingia sokoni mwaka 2000, ndiyo inayojulikana zaidi, na ni mpira mzuri sana. Ganda lake ni laini, linauma kwenye mifereji ya weji (fimbo ya mipigo mifupi), na ukiwa uwanjani, mpira ukitua kwenye grini ya Muthaiga au ya Karen, utaona unavyosimama. Ndani ya gereji ulaini huohuo unakugeuka. Weji yenye mifereji mikali hukwangua urethani. Nilishika weji yangu chini ya taa baada ya jioni moja ya kupiga mipira hiyo nikaona mifereji imejaa unyoya mweupe, mwembamba, unaobaki kidoleni ukiupangusa. Ule ni ganda la mpira. Mpira uliokwanguliwa hivyo unakwenda kupiga kitambaa ukiwa na uso wa msasa, kwa kasi kubwa, mahali palepale kila mara, kwa sababu weji zote hugonga skrini karibu eneo moja juu ya katikati. Ukitaka kujua skrini ya mtu imechakaa wapi, angalia hapo kwanza.

Mpira wa vipande viwili una kiini kikubwa cha raba na ganda moja la ionoma, ile plastiki ngumu ambayo wengi wanaijua kwa jina la Surlyn. Srixon Soft Feel, Callaway Supersoft na Titleist TruFeel wote wamo kwenye kundi hili. Nimezoea zaidi Soft Feel. Naupiga kwa weji, naugeuza mkononi, na alama ninayoiona ni mistari hafifu tu, haina vinyweleo. Sauti yake kwenye fimbo ni ya chini, jambo ambalo mwenye watoto waliolala chumba cha pili atalithamini. Na bei ya dazeni yake, kwa Marekani, haifiki nusu ya ile ya Pro V1. Hapa Nairobi bei hupanda na kushuka kulingana na duka na kulingana na nani amesafiri, lakini pengo kati ya makundi hayo mawili unaliona vilevile.

Unapoteza nini? Kwa draiva, fimbo ya mpigo mrefu zaidi, na kwa mipigo mirefu ya ayani (fimbo za chuma), kwa mchezaji wa kiwango changu, kidogo sana. Tofauti inajitokeza kwenye mipigo mifupi ya weji, ile ya nusu nguvu ya mita thelathini au arobaini. Hapo mpira wa ionoma hupaa juu zaidi na spini yake ni ndogo kuliko ya mpira wa urethani. Kama uwanjani unacheza Pro V1 na nyumbani unafanyia mipigo mifupi kwa Soft Feel, unajifunza mpira ambao hutaukuta Jumamosi. Hiyo ndiyo kasoro yake pekee ambayo naiona ni ya kweli, na ndiyo inayonipeleka kwenye RCT.

RCT ilitoka mwaka 2022. Titleist waliitengeneza pamoja na TrackMan, kampuni ya vifaa vya rada vya kupima mipigo, na shida iliyotakiwa kutatuliwa ni ya vyumba kama changu. Fanya hesabu kidogo. Draiva yangu ikiondosha mpira kwa mita 60 kwa sekunde, zile mita tatu hadi kwenye skrini huisha ndani ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Spini ya 2,700 kwa dakika ni mizunguko 45 kwa sekunde. Kwa hiyo mpira umezunguka mara mbili na kidogo, kisha umegonga kitambaa. Rada inatakiwa kusoma spini kwa mizunguko hiyo miwili, kwenye kitu cheupe, cha mviringo, kisicho na alama yoyote ambayo mawimbi yanaweza kuishika. Nje uwanjani kifaa kinaufuata mpira hewani kwa sekunde kadhaa na kazi ni nyepesi. Ndani, vifaa vingi vikikosa kusoma hukadiria kutokana na kasi ya mpira, pembe ya kuondokea na aina ya fimbo uliyoichagua kwenye programu.

Mpira wa RCT una alama maalumu inayorudisha mawimbi ya rada, hivyo kila mzunguko unaacha ishara iliyo wazi. Kwa macho ni Pro V1, isipokuwa maandishi ya RCT ubavuni. Mkononi na kwenye fimbo siwezi kuutofautisha.

Matokeo yake kwangu yalikuwa makubwa kwenye weji. Kwa mpira wa kawaida, spini niliyokuwa naiona ilikuwa inafanana mno, mpigo baada ya mpigo, hata pale nilipojua mwenyewe kwamba nimegusa mkeka kabla ya mpira. Kwa RCT, mpigo mchafu ulianza kuonekana mchafu. Uso wa fimbo ukiwa na unyevu, spini inaporomoka. Ukiipiga safi, inapanda. Kwa takwimu za TrackMan, wachezaji wa PGA Tour, mashindano ya kulipwa ya Marekani, hufikia takribani mizunguko 7,100 kwa dakika kwa ayani namba 7 na hupita 9,000 kwa weji ya kwanza kwenye seti. Mimi siko huko, lakini sasa najua niko wapi, na naweza kufuatilia kama napanda au nashuka. Nilifurahi sana kuona hivyo. Mazoezi ya weji yalikuwa yananichosha; sasa ndiyo ninayoyasubiri.

Ila ganda la RCT ni lilelile la urethani, na kwa bei yake unaanza kuhesabu mikwaruzo. Ndiyo maana siitumii kila siku. Nikiwa napasha mwili, nikiwa nashughulikia mkao au kasi ya draiva, nachukua Soft Feel. Nikitaka kipimo cha weji, nafungua mfuko mdogo wa RCT, napiga kwa makini, napangusa kila mpira, narudisha. Tumeishi vizuri hivyo, mimi na skrini.

Njia ya bei nafuu ni vile vibandiko vidogo vya duara vyenye metali, unavyobandika juu ya mpira wa kawaida. Nimevitumia. Vinafanya kazi vikiwa vimeshika vizuri na mpira umewekwa upande unaotakiwa na kifaa chako. Kwa ayani vinavumilia. Kwa weji hung'oka haraka, wakati mwingine unakikuta kimejikunja pembeni kama ganda la dengu, na unabaki kupapasa mkeka ukitafuta kipande cha pili. Pia ni lazima uupange mpira kila mara, na mimi napenda kupiga kwa mdundo bila kuinama sana. Kwa anayeanza na hataki kununua RCT, ni jaribio zuri.

Haya yote ya RCT na vibandiko ni ya watu wa rada. Kifaa cha kamera hupiga picha za mpira mara tu unapoondoka, kwa hiyo urefu wa chumba haukibani hivyo. Rafiki yangu wa Kileleshwa ana cha kamera na RCT haingemwongezea chochote. Kwake usafi ndio kila kitu. Mpira ukiwa na doa au mng'ao usio wa kawaida, kamera inachanganyikiwa. Kwenye SkyTrak, kimoja cha vifaa hivyo, inashauriwa nembo ya mpira ielekee kifaa ili spini isomeke vizuri. Rapsodo MLM2PRO, kifaa kingine, nayo hutumia mipira yenye alama maalumu, ya Callaway au ya Titleist, ili ipime spini kwa kweli badala ya kukadiria. Soma maelekezo ya kifaa chako kabla ya kununua dazeni yoyote. Jibu liko humo zaidi kuliko kwa muuzaji.

Sasa mipira ya kuokotwa. Kila mcheza gofu wa Nairobi anaijua: kedi (mbeba fimbo) anafungua mfuko wa plastiki karibu na maegesho, "Mkubwa, hizi bado safi kabisa, ona hii Pro V1." Na kweli nyingine ni safi, na kwa uwanjani nanunua bila wasiwasi. Ndani siziingizi. Mpira uliolala kwenye udongo wetu mwekundu hubaki na udongo ndani ya vishimo vyake hata ukiuosha, na udongo huo ukigonga kitambaa cheupe unaacha alama ya kutu ambayo sabuni haiimalizi. Wino wa kalamu ni mbaya vilevile. Wengi wetu tunachora mstari au herufi za majina yetu kwenye mipira ya uwanjani; mstari huo huhamia kwenye skrini. Mipira yangu ya ndani haina alama yoyote ya kalamu, na kila wikendi inaoga kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, nasugua kwa mswaki wa zamani, nakausha kwa taulo. Mpira mpya kabisa nao naupangusa kabla ya kuupiga.

Mipira ya mazoezi ya kule viwanjani, yenye mistari, iache hukohuko. Ni migumu, imekwaruzika, na mingine imetengenezwa isiende mbali, kwa hiyo namba zake hazikuambii lolote. Ya sponji ni ya watoto na ya kupasha mwili. Ni miepesi mno, na programu inadhani umepiga mpira wa uzito kamili. Mpira halali hauzidi gramu 45.93, na karibu yote ya kawaida iko hapohapo.

Jambo moja ambalo wenzangu hulaumu mpira bure: umbali. Uwanja wa ndege wa Wilson, jirani zetu hapa, uko takribani mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na mpira huenda mbali kwa karibu asilimia sita kuliko Mombasa. Programu nyingi za simuleta huanza zikiwa zimewekwa usawa wa bahari. Mtu anapiga ayani inayompa mita 150 pale Royal Nairobi, skrini inamwambia 141, anaamua kwamba mpira wa ionoma haufai. Mpira hauna kosa. Fungua mipangilio, weka mwinuko wa Nairobi, kisha linganisha. Na ukienda Nyali likizo ya Desemba, rudisha sifuri wiki moja kabla ufanye mazoezi na umbali wa huko. Baridi ya Julai nayo inapunguza kasi ya mpira kidogo, kwa hiyo nahifadhi mipira ndani ya nyumba, siiachi gerejini usiku.

Kuhusu kurudi kwa mpira: kabla hujalaumu ugumu wake, legeza skrini kidogo na hakikisha kuna nafasi nyuma yake kabla ya ukuta. Kitambaa kilichokazwa sana humrudishia mtu mpira wowote hadi miguuni, uwe laini au mgumu.

Ningeanza upya leo ningenunua dazeni moja ya Soft Feel nyeupe, na kwa upande wa RCT ningeanza na kipakiti cha mipira mitatu tu, kama duka linakubali kufungua boksi. Mpira wa ndani ukianza kukwaruza ukiupitisha kwenye shavu, nautoa. Unahamia kwenye mfuko wa uwanjani, na hapo unaweza hata kuandikwa jina.