Mbwa aliyepauka: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri, kipi usikiguse

Manyoya meusi yamegeuka rangi ya kutu, mba unamwagika ukimpapasa mgongo, viwiko vimekakamaa kama soli ya kandambili kuukuu. Mwenye mbwa wa namna hii hukimbilia shampuu. Katika mwongozo huu shampuu imeshika nafasi ya nne, kwa sababu ngozi ya mbwa mara nyingi inatafunwa na wadudu au imekosa lishe, na vyote viwili havioshwi vikatoka. Tumepanga bidhaa kwa swali moja: ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu, ununue nini?

Kabla ya duka, dakika tano za ukaguzi. Chukua chanuo la chawa, chana kiunoni na juu ya shina la mkia, kisha gonga uchafu kwenye karatasi nyeupe ya chooni uliyoilowesha. Punje nyeusi zikiachia wekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu ya mbwa wako iliyokauka. Halafu sugua ncha ya sikio kwa vidole. Mguu wa nyuma ukianza kujikuna hewani, shuku upele wa sarkopti (utitiri unaochimba ngozi), hasa kama kingo za masikio, viwiko na tumbo vina magamba. Mabaka yasiyo na manyoya usoni na miguu ya mbele kwa mbwa wa chini ya mwaka mmoja, asiyejikuna sana, mara nyingi ni demodeksi, utitiri wa kwenye vishina vya manyoya. Duara lenye ukingo wa magamba linaweza kuwa choa. Upele wa sarkopti na choa huhamia kwa watu, kwa hiyo watoto wakae mbali kwanza. Na mbwa anayenyonyoka pande zote mbili sawasawa, hajikuni, ananenepa na amekuwa mzito wa kuamka, huyo tezi yake ya shingoni inahitaji kipimo cha damu. Usimnunulie chochote kilichoorodheshwa hapa.

Nafasi ya kwanza: dawa ya wadudu

Bora kuliko zote kwa sasa ni vidonge vya kutafuna vya kundi la isoksazolini. Bravecto hufanya kazi kwa wiki 12 dhidi ya viroboto. NexGard na Simparica hurudiwa kila mwezi. Kundi hili linaua kupe na viroboto, na madaktari hulitumia pia kwa sarkopti na demodeksi. Kidonge cha wiki 12 kinashtua bei ukikitazama kaunta. Kigawanye kwa miezi mitatu, utoe gharama ya dawa za kumwagia ambazo hutanunua tena, ndipo ulinganishe.

Hununuliwa kwa uzito wa mbwa, na hapo ndipo watu wanapokosea. Usikisie. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha toa uzito wako. Usinunue kidonge cha mbwa mkubwa ukakigawa kwa wawili wadogo: vidonge vya Bravecto havikatwi, maana ukivikata huwezi kujua kila kipande kimebeba dawa kiasi gani. Bravecto mpe pamoja na chakula. Mbwa aliyewahi kupata degedege asipewe kundi hili kabla daktari hajaamua, na mtoto wa mbwa asubiri afikishe wiki 8.

Nafuu yake ni amitrazi ya asilimia 12.5, ile ile ya kuogeshea ng'ombe inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo za mifugo. Kwa upele, kipimo cha kawaida ni mililita 2 katika lita 1 ya maji, hurudiwa kila wiki moja au mbili kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kupima kwa kifuniko cha chupa ndiko kunakolewesha mbwa akayumba na kutapika. Vaa glavu, mwogeshee mahali penye hewa, kinga macho, usimsuuze, na asijilambe mpaka akauke. Dawa iliyobaki kwenye ndoo imwagwe siku hiyo hiyo, mbali na kisima. Mtoto wa mbwa wa chini ya miezi 4, mbwa mwenye kisukari na mbwa wa aina ndogo sana wasiguswe nayo. Paka ndiyo kabisa.

Kuhusu sindano ya ivermektini ya ng'ombe, tunaelewa kwa nini inapendwa: ni rahisi na inapatikana kila mahali. Lakini chupa ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita, na mbwa wa kilo 10 huhitaji sehemu ndogo tu ya mililita moja. Kukosea nukta moja ni kuzidisha mara kumi. Mbwa wa jamii ya koli, na baadhi ya jamii ya mbwa wa Kijerumani, hudhurika hata kwa kipimo ambacho wengine wanakihimili. Achomwe na mtaalamu aliyempima uzito, si na kijana wa dukani aliyemkadiria kwa macho.

Dawa yoyote utakayochagua, wape mbwa wote wa boma kwa siku moja. Viroboto wengi hawako mwilini. Wako kwenye matandiko na nyufa za banda wakiwa mayai, viluwiluwi na pupa. Fua matandiko kwa maji ya moto, fagia banda kila siku, na endelea na dawa kwa miezi mitatu. Anayeacha baada ya mwezi mmoja husema dawa ilikuwa feki.

Nafasi ya pili: kilichomo kwenye bakuli

Mbwa wengi wa ulinzi hula ugali wa pumba na mchuzi wa mifupa. Wanashiba, hawakondi, lakini wanapauka. Mwili hutengeneza rangi nyeusi ya manyoya kutokana na asidi amino ziitwazo fenilalanini na tirosini, na kiasi kinachomtosha mbwa kukua hakitoshi kumfanya awe mweusi tii. Protini ikipungua, mwili hulinda misuli na moyo kwanza. Manyoya hubaki na makombo, na mweusi anakuwa mwekundu. Pumba nayo ina fitati inayokamata zinki tumboni isifyonzwe. Upungufu wa zinki huonekana kama magamba magumu kuzunguka macho na mdomo, na nyayo zilizopasuka. Jua kali pia huchujua manyoya meusi, ila jua hubabua mgongo zaidi. Mbwa aliyegeuka mwekundu hadi ubavuni na mapajani, tazama bakuli lake.

Kwa hiyo kitu cha pili kununua ni dagaa. Nunua wa ziwani, Kigoma au Mwanza, waliokaushwa bila chumvi. Dagaa wa baharini mara nyingi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na wanamfaa mbwa kidogo. Waoshe mpaka mchanga uishe. Mbwa mzima wa kilo 20 asiye na kazi nzito anaweza kuanza na unga wa dona gramu 200 uliopikwa, dagaa wakavu gramu 80 waliochemshwa na kupondwa pamoja na mifupa yao, na vijiko viwili vya chai vya mafuta ya alizeti yanayotiwa chakula kikishapoa. Ongeza ini la ng'ombe gramu 50 mara mbili kwa wiki. Lina shaba na vitamini A, na shaba ni sehemu ya utengenezaji wa rangi. Yai moja la kuchemsha badala ya sehemu ya dagaa ni sawa. La kuchemsha tunasema, kwani ute mbichi hufunga biotini, vitamini ya ngozi na manyoya. Makombo ya pilau yenye vitunguu yasiingie humo.

Unga uwe mkavu na safi. Dona iliyoota ukungu, ile anayoachiwa mbwa kwa vile binadamu hawawezi kuila, ni sumukuvu kwenye bakuli, na inaua mbwa.

Ukinunua chakula cha mfuko, tafuta maandishi yanayosema ni chakula kamili kwa umri wa mbwa wako na kinafuata viwango vya AAFCO (Marekani) au FEDIAF (Ulaya), vyama vinavyoweka viwango vya chakula cha wanyama. AAFCO inataka protini isiyopungua asilimia 18 kwa mbwa mzima na 22.5 kwa mtoto, ikihesabiwa bila maji. Epuka kile kinachopimwa kwa kilo kutoka kwenye gunia lililofunguliwa wiki kadhaa: mafuta yake yameshachacha, na hayo mafuta ndiyo uliyoyafuata.

Nafasi ya tatu: mafuta ya kulisha

Alizeti ndiyo thamani bora ya pesa. Ina asidi linoleiki inayoziba ngozi isipoteze maji. Kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo 10 za mbwa kwa siku kinatosha. Kama mbwa anajikuna hata baada ya wadudu kuisha, ongeza mafuta ya samaki. Soma nyuma ya chupa, jumlisha EPA na DHA, yaani omega-3 za samaki. Kidonge cha kawaida cha miligramu 1,000 hubeba takriban 300 tu za hizo mbili. Mbwa wa kilo 10 apewe vidonge 2 kwa siku, wa kilo 20 apewe 4. Anza na robo ya kiasi hicho, uongeze kwa siku kumi, vinginevyo utadeki uharo.

Usichanganye haya na mafuta ya ini la samaki wanayopewa watoto. Yale yana vitamini A na D nyingi, na ukiyatoa kwa kipimo cha mafuta ya samaki utamlimbikizia sumu.

Matokeo huanza kuonekana wiki ya sita hadi ya nane. Unywele uliokwisha kupauka haubadiliki rangi. Unasubiri udondoke na mwingine uote. Ukitaka kujua kama unafanikiwa, pekua manyoya uangalie rangi ya mizizi.

Nafasi ya nne: shampuu

Sabuni ya mche na ya unga ni kali mno kwa ngozi ya mbwa. Humvua mafuta yake, na mba huongezeka siku ya pili. Kwa ngozi kavu isiyo na harufu, chagua shampuu ya mbwa yenye oti. Ukikosa, saga kikombe kimoja cha oti mpaka kiwe vumbi (kijiko kimoja kikitiwa kwenye glasi ya maji kiyageuze kuwa kama maziwa), koroga kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na ummwagie taratibu kwa dakika 10 hadi 15. Kwa ngozi yenye mafuta, harufu na vipele, oti haisaidii: nunua yenye klorheksidini (kiua vijidudu) asilimia 2 hadi 4, bora ikiwa na mikonazoli (dawa ya fangasi). Povu likae dakika 10 kwa saa, si kwa kukadiria. Mara mbili kwa wiki mpaka ipone, kisha pumzisha. Mbwa mzima wa afya anatosheka na bafu moja kila wiki mbili hadi nne.

Mwenye kisima cha maji ya chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za Dar es Salaam, asuuze mwisho kwa maji yasiyo na chumvi, ya mvua au ya bomba. Chumvi ikikaukia kwenye ngozi, shampuu ya bei yoyote imepotea bure.

Yanayobaki

Mafuta ya nazi yanalainisha viwiko na pua iliyopasuka, tone tu, na yeye atayalamba. Vidonge vya biotini havina faida kwa mbwa anayekula vizuri. Zinki usimpe kwa kukisia: ikizidi huvunja chembe nyekundu za damu.

Oili chafu ya gari usimpake kamwe. Wadudu wa upele wamejichimbia ndani ya ngozi na mbwa hujilamba, kwa hiyo sumu ya oili huishia kwenye ini lake huku ngozi ikiungua.

Kwa mbwa mweupe mwenye michirizi ya kahawia chini ya macho au kwenye nyayo, hiyo ni rangi ya pofirini iliyomo kwenye machozi na mate. Futa kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, asubuhi na jioni, kausha, na tafuta kinachomtoa machozi au kinachomfanya alambe. Unga wa kuondoa madoa uliotiwa tilosini ni antibayotiki; mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya waliokuwa wakiuuza bila idhini. Kama jicho moja tu ndilo linalochuruzika, angalia kwanza kope iliyokunjikia ndani.